Stara ya Anayejifunza Kusema

Mzee aliyezoea kuamua ugomvi wa mipaka ya mashamba, ajuaye lini anyamaze na lini akohoe kidogo ili watu wamgeukie, akikaa katika darasa la lugha ngeni hujikuta hawezi hata kuomba kijiko. Akili yake haijapungua. Hoja, mizaha, methali na maneno ya kumtuliza mfiwa, vyote anavyo. Ila mbele ya kijana wa miaka 20 anayemtaka arudie jina lake na nchi atokayo, taratibu na kwa sauti ya juu, vyote hivyo havimfai kitu. Tumezoea kusema kuwa elimu haina mwisho, na ni kweli. Tunachosahau ni kwamba elimu ya namna hii humdai mtu mzima kitu ambacho mtoto hadaiwi. Humtaka akubali kuonekana mdogo mbele za watu. La kutafakari, basi, ni hili: wale ambao mbele yao anakubali kuwa mdogo, wanampokeaje?

Wanaoijua hali hii kwa undani ni Wakongo waliotoka kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu nchini Tanzania, wakahamishiwa Marekani. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1996 kuwapokea waliokimbia vita mashariki mwa Zaire, kama nchi yao ilivyokuwa ikiitwa. Miaka ikaenda; watoto wakazaliwa kambini, wakakua, wakaoa na kuolewa. Humo Kiswahili kilikuwa lugha ya sokoni, ya ibada, ya posa na ya kugombea zamu ya maji, na mtu mzima aliyekimudu alikuwa na nafasi yake katika watu hata kama hakuwa na shamba wala ng'ombe. Kisha baadhi yao wakapata safari ya ng'ambo, wakajikuta katika miji ya Iowa na Kentucky, ambako msaada wa mapokezi ulihesabiwa kwa siku 90 za mwanzo na baada ya hapo mtu alitarajiwa ajitegemee. Kazi zinazopatikana upesi ni za zamu viwandani, kukata na kufungasha nyama, mahali ambapo mashine hupiga kelele na wafanyakazi huziba masikio. Mtu anaweza kufanya kazi huko miaka kadhaa kwa ishara za vidole na kutikisa kichwa, akalipwa, akalipa kodi ya nyumba, na bado asiweze kumweleza daktari panapomuuma.

Nyumbani nako madaraka hubadilika. Watoto huishika lugha upesi shuleni, na punde si punde wao ndio wanaosoma barua za mwenye nyumba, wanaopokea simu za benki, wanaokaa kati ya mama yao na muuguzi wakieleza mambo ambayo kwa desturi zetu mtoto hakupaswa kuyasikia, sembuse kuyatamka. Hakuna aliyekosa hapo. Mtoto anasaidia kwa moyo, na mzazi anashukuru kwa moyo. Lakini kila tafsiri inayopita kinywani mwa mtoto humpunguzia mzazi kidogo kauli yake ndani ya nyumba yake mwenyewe, naye analijua hilo hata kama halisemi. Ndiyo maana jioni, mwili ukiwa umechoshwa na zamu, huvaa koti akaenda kwenye chumba cha maktaba au cha kanisa, ambako watu wanne watano wamekaa kuizunguka meza ili wajifunze kuzungumza.

Kwa nini wanne watano, na si arobaini? Jibu la kwanza ni la hesabu. Mwaka 1985 wataalamu wawili wa ufundishaji wa lugha, Michael Long na Patricia Porter, walipiga hesabu ya darasa la wanafunzi 30 katika kipindi cha dakika 50. Ukiondoa muda wa kuita majina na kukusanya madaftari, kisha ukaondoa muda ambao mwalimu mwenyewe anazungumza, kila mwanafunzi hubakiwa na sekunde kama 30 za kufungua kinywa. Kwa mwaka mzima wa masomo hiyo ni saa 1 hivi. Nani amewahi kujua kuogelea kwa kuingia majini saa moja kwa mwaka? Wakalishe wanafunzi haohao wawili wawili au wanne wanne, na saa hiyo huongezeka mara nyingi bila kuajiri mwalimu mwingine wala kujenga chumba kingine. Wapo wanaohofu kwamba wanafunzi wakiachwa wenyewe wataambukizana makosa. Wataalamu hao, walipopitia tafiti za wakati wao, waliona hofu hiyo haina mizizi: mwanafunzi akiongea na mwanafunzi mwenzake hakosei zaidi kuliko anapoongea na mzawa wa lugha, na tena huongea kwa wingi zaidi.

Hesabu, hata hivyo, haimalizi habari ya kinachotendeka pale mezani. Tazama jinsi shughuli zenyewe zinavyopangwa. Katika mojawapo, watu wawili hupewa karatasi zenye pengo: mmoja ana saa za kuondoka kwa mabasi, mwingine ana nauli na majina ya vituo, na hakuna anayeruhusiwa kuchungulia karatasi ya mwenzake. Ili wapange safari, sharti waulizane. Mwalimu ameuzua uhitaji huo makusudi, akijua kwamba watu wasiohitajiana hawana la kuambizana. Katika shughuli nyingine kila mmoja huwekewa punje tatu za maharage, na kila akisema hulipa punje moja katikati ya meza. Msemaji hodari hufilisika mapema akalazimika kunyamaza. Mwenye haya hubaki na mali yake mpaka wenzake wote wamgeukie, wakingoja aitumie. Ipo pia ile mbinu ya nne, tatu, mbili, iliyoenezwa na Paul Nation, mtaalamu wa New Zealand: mtu husimulia habari yake kwa dakika nne, kisha humgeukia msikilizaji mwingine akaisimulia ileile kwa dakika tatu, kisha wa tatu kwa dakika mbili. Shabaha ya mwalimu ni wepesi wa ulimi. Lakini msimuliaji hupata na jambo jingine ambalo pengine hajalipata tangu avuke bahari, nalo ni watu watatu kwa mfululizo waliomkalia kumsikiliza, kila mmoja akitaka kujua ilikuwaje.

Kila shughuli hapo hufunza tabia pamoja na lugha. Kuulizana humzoeza mtu kukiri kwamba ana nusu tu ya habari. Punje za maharage humfunza kiasi, jambo ambalo wengi wetu tulio mabingwa wa lugha zetu hatujalifuzu, tukihukumiwa kwa mikutano yetu. Wala si ajabu, kwa kuwa baadhi ya mbinu hizi zilianzia katika haja ya kupatanisha watu. Ile ya kugawa somo vipande, kila mwanakundi akashika kipande ambacho wenzake hawana, ilibuniwa na mwanasaikolojia Elliot Aronson mwaka 1971 huko Austin, jimbo la Texas, wakati watoto weusi, weupe na wale wenye asili ya Meksiko walipokutanishwa katika madarasa yaleyale na chuki ikawa tele. Aronson aliona kwamba hotuba za upendo hazingetosha. Akawapangia watoto kazi ambayo haimaliziki mpaka kila mmoja amsikilize yule anayemdharau. Mbinu hiyo iliingia baadaye katika madarasa ya lugha, na imebaki na asili yake: humpa mnyonge kitu ambacho wenye nguvu wanakihitaji.

Mtu mzima huogopa nini hasa? Wengi hudhani ulimi wake umekwisha kuwa mzito. Mwaka 1972 Alexander Guiora na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Michigan, waliwapa watu kiasi kidogo cha pombe kisha wakawapima matamshi ya Kithai, lugha wasiyoijua. Waliokunywa kile kidogo walitamka vizuri kuliko ambao hawakuonja. Hakuna aliyeshauri madarasa yahamie vilabuni. Funzo lilikuwa kwamba sehemu kubwa ya uzito tunaoulaumu ni haya: mtu anajilinda asisikike akitoa sauti zisizo zake, kwa kuwa matamshi yetu ni sehemu ya nafsi zetu, na kuyaacha hata kwa dakika moja ni kama kuvuliwa.

Na kwetu Afrika Mashariki haya hiyo ina historia. Ngũgĩ wa Thiong'o amesimulia jinsi shule za Kenya, baada ya hali ya hatari kutangazwa mwaka 1952, zilivyowaadhibu watoto waliokutwa wakisema Kikuyu, na jinsi kitufe kilivyopitishwa mkono kwa mkono ili wote waliokosa siku hiyo wajulikane na waadhibiwe. Mtoto aliyepita shule za namna hiyo alijifunza Kiingereza, lakini alijifunza vilevile kwamba kinywa ni mahali pa hatari. Tanzania haikukosa kitanzi chake. Mwanafunzi anayekosea kimombo mbele ya darasa huambiwa amechapia, darasa zima likaangua kicheko, na wapo waliokaa miaka mingi ya sekondari wakijibu kila swali kwa ukimya kwa sababu ya kicheko cha siku moja. Mtu wa namna hiyo akifika ukubwani kwenye darasa la lugha, awe Iowa au Dar es Salaam, haingii peke yake. Anaingia na kile kicheko.

Ndipo inapoonekana thamani ya kundi dogo. Stara ni jambo tunalolienzi sana pwani na bara: kumfunika mwenzio aibu yake, kutomtazama anapojikwaa, kujifanya hukuona. Meza ya watu wanne humpa anayejifunza stara ambayo ukumbi wa watu arobaini hauwezi kumpa, kwani wote pale wamekwisha kukosea mbele ya wote, na hakuna aliyebaki msafi wa kuwacheka wengine. Charles Curran, padri Mkatoliki na mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Loyola jijini Chicago, alilifikisha wazo hili mbali zaidi katika miaka ya 1970. Katika darasa lake wanafunzi walikaa duara, na mwalimu alisimama nje ya duara, nyuma yao. Mwanafunzi aliyetaka kusema jambo alilisema kwa lugha yake mwenyewe. Mwalimu akainama, akamnong'oneza maneno ya lugha ngeni. Mwanafunzi akayasema kwa sauti yake, akiwaelekea wenzake. Mwalimu mwenye ujuzi wote alijiweka mahali pasipoonekana ili mwanafunzi asiye na ujuzi aonekane. Ni walimu wangapi, ni wazazi na viongozi wangapi, wanaoweza kukaa nyuma namna hiyo?

Wala tusidhani hekima hii imetoka ughaibuni peke yake. Mchezo wa vitendawili umejengwa juu ya ujuzi huohuo wa kulea asiyejua. Mtegaji akishatega na wenzake wakashindwa, hawachekwi wala hawafukuzwi barazani. Huambiwa watoe mji. Wanampa Mombasa au Kigoma, naye anasimulia kwa madaha alivyofika huko na alivyopokewa, kisha ndipo anapotegua. Kutojua kumewekewa bei, nayo hulipwa kwa mchezo, na aliyelipa hubaki mwanamchezo kamili anayengoja zamu yake ya kutega. Na katika elimu ya watu wazima Tanzania ilikwishajaribu makundi kwa upana ambao nchi chache zimefikia. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya vijijini na mijini, wakasikiliza redio pamoja, wakasomewa kijitabu, kisha wakajadili wao wenyewe: choo kichimbwe wapi, maji yachemshwe vipi, mbu wapunguzwe kwa njia gani. Katika miaka hiyohiyo Paulo Freire, mwalimu wa Brazil aliyekuwa amewafundisha kusoma wafanyakazi wa mashamba kwa njia ya duara za mazungumzo, alifika nchini na kuzungumza na watu wa elimu ya watu wazima. Alikuta taifa ambalo tayari lilikuwa linaamini kwamba mtu mzima hajazwi maarifa. Huulizwa anachokijua, na mazungumzo huanzia hapo.

Stara, hata hivyo, ikizidi hugeuka kuwa dhuluma ya aina yake. Yapo makundi ambayo kila mtu anamsifu kila mtu, makosa hayatajwi, na baada ya mwaka mzima mama aliyekuja kujifunza bado hawezi kupiga simu kliniki. Yapo ambayo wanaume wawili huongea jioni nzima, wanawake wakimimina chai. Yapo ambayo wenye lugha moja hukaa pamoja, wakamaliza zoezi kwa Kiswahili baada ya dakika mbili na kuendelea na habari za nyumbani, jambo tamu kwa kweli, lakini si walilolijia. Kumsitiri mtu hakuna maana ya kumwacha alivyo. Mwalimu mzuri hutega sikio akipita meza hadi meza, hakatizi sentensi, huandika makosa aliyoyasikia, kisha mwishoni huyaweka ubaoni bila majina ili wote wayasahihishe. Kosa limesemwa, mwenye kosa hakutajwa. Ni adabu ambayo wazee wa mabaraza waliijua walipokemea jambo mbele ya hadhara na kumwacha mhusika ajitambue mwenyewe.

Baada ya kuwatazama wengine, inafaa tujitazame na sisi wenye lugha. Kiswahili leo kinajifunzwa na watu wazima wengi. Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, iliyoanzishwa Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1970 na ambayo sasa imo ndani ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, imewafundisha wageni wa vizazi kadhaa. Mgeni kutoka Ulaya akitoka darasani na kumwamkia muuza madafu kwa shikamoo iliyopinda, barabara nzima humshangilia. Watu humngojea atafute neno, humsaidia, humwambia anajua sana. Ni ukarimu mzuri, na tusiupunguze hata kidogo.

Lakini je, subira hiyo tunamgawia nani mwingine? Mfanyabiashara wa Burundi anayefika Kariakoo na ngeli zake, Mkongo anayesema Kiswahili cha Lubumbashi au Bukavu, Mganda anayejikakamua kununua tiketi ya basi, mwenzetu wa bara ambaye herufi r na l zimebadilishana nafasi kinywani mwake: hao huigizwa. Sauti zao hurekodiwa, zikasambazwa mitandaoni, tukacheka. Binti aliyekulia Toronto akija kumwona bibi yake, akasema sentensi tatu zilizovunjika, shangazi humwambia wazazi wake wamempoteza. Kesho yake hasemi tena. Anatabasamu tu, na bibi na mjukuu wanakaa chumba kimoja bila neno. Tunamsamehe asiye wetu kwa sababu hatukumtarajia ajue. Wa kwetu tunamtaka aje akiwa amekwisha kujua, kana kwamba kukosea kwake kunatuaibisha sisi. Hapo ni lugha tunayoilinda, au ni nafasi yetu ya kuwa juu ya mtu?

Kila tarehe 7 Julai tunaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Tunasikia hotuba kuhusu lugha inayovuka mipaka, na takwimu za wasemaji zinatajwa kwa fahari. Ni haki yetu kufurahi. Lakini wengi wa wasemaji hao hawakuzaliwa na Kiswahili. Walikifuata, wengine utotoni shuleni, wengine ukubwani sokoni, kambini na makazini. Fahari ya idadi yao inakuja na wajibu wa kuvumilia lafudhi zao. Hatuwezi kutaka dunia iseme lugha yetu, kisha tukataka isemwe tu kama inavyosemwa vichochoroni mwa Mji Mkongwe.

Sisi tuliozaliwa na lugha tuliipata bure, kabla hatujajua kuomba wala kushukuru. Anayeijia ukubwani huinunua kwa heshima yake, sentensi kwa sentensi, akituamini kwamba hatutaitupa. Haihitajiki shahada ya ualimu ili kuilinda amana hiyo. Inatosha kumuuliza swali la pili badala ya kumsahihisha la kwanza, kutommalizia maneno yake kwa haraka zetu, na kumchukulia kuwa mtu mzima mwenye jambo la kusema hata pale sarufi inapomwangusha. Haki yake ya kwanza kwetu ni kusubiriwa amalize sentensi.